Multipleksa za redio: ipi ununue kwa ajili ya paa, kilima au boti Kanda ya Ziwa

Mteja akiingia dukani na kusema anataka "kifaa cha kuunganisha antena mbili kwenye waya mmoja", jibu la haraka la muuzaji huwa ni splita ya shilingi elfu chache. Mara nyingi jibu hilo si sahihi, na hasara yake haionekani siku hiyo. Huonekana wingu zito linapotanda na picha ya runinga kukwama, au ripita (mtambo unaopokea mawimbi ya redio za mkononi na kuyarusha upya) ya kampuni ya ulinzi inapoacha kuwasikia walinzi wa mbali ingawa mnara ni uleule na redio ni zilezile.

Kinachohitajika mahali pengi ni multipleksa ya masafa ya redio. Kazi yake ni kupitisha mawimbi ya masafa tofauti kwenye waya au antena moja, kisha kuyatenganisha tena pasipo moja kuliingilia jingine. Ya bendi mbili huitwa dipleksa, ya bendi tatu tripleksa. Dupleksa ni ndugu yao mwenye kazi ngumu zaidi: huwezesha mtambo kurusha na kupokea kwa wakati mmoja kupitia antena moja. Vituo vya redio vinavyochangia antena hutumia kombaina. Ndani ya vyote hivi mna filta, yaani vichujio vya masafa. Splita haina filta. Inagawa nguvu tu, kila mtu apate kipande.

Ukitafuta mtandaoni, utaletewa pia vipande vya saketi kama CD4051, vinavyochagua njia moja kati ya nane kwenye bodi ya elektroniki. Ni bidhaa nzuri kwa kazi yake, lakini siyo unayoitafuta hapa.

Kinachonunuliwa ni pengo

Kabla ya kuuliza bei, andika masafa unayotaka kuyaunganisha, kisha toa dogo kwenye kubwa. Pengo unalolipata ndilo linaloamua ukubwa wa kifaa, uzito wake na bei yake kuliko jambo jingine lolote. Wavuvi wa Mwaloni Kirumba wanajua kuwa dagaa na sangara hutenganishwa na matundu ya wavu tu, ila kutenganisha sato wawili wanaokaribiana ukubwa kunataka jicho na mkono wa mtu. Filta nazo ndivyo zilivyo.

Angalia mifano mitatu. Runinga ya antena siku hizi inaishia 694 MHz, na hata mpangilio wa zamani haukuvuka 862 MHz, wakati dishi linashusha mawimbi yake kwenye waya kuanzia 950 hadi 2150 MHz. Pengo ni pana, hivyo koili chache na kapasita ndani ya kiboksi kinachoenea kiganjani zinatosha. Ripita ya UHF inayopokea 455 MHz na kurusha 460 MHz ina pengo la 5 MHz, karibu asilimia moja tu ya masafa yenyewe. Hapo zinahitajika kaviti, yaani vyumba vidogo vya metali vilivyochongwa kwa vipimo makini na kufungiwa skrubu za kurekebishia. Ripita za wapenzi wa redio kwenye bendi ya 144 hadi 146 MHz hutumia pengo la 0.6 MHz, na hapo unazungumzia makopo makubwa ya kaviti manne au sita, marefu kama mkono, yanayokula nafasi ya kabati zima.

Kwa hiyo tangazo la dupleksa linalosema "400 hadi 470 MHz" bila kutaja pengo dogo kabisa inaloliweza halijakwambia kitu. Muulize muuzaji pengo. Asipolijua, usinunue kwake.

Namba za kwenye karatasi ya kifaa

Namba ambayo wauzaji huitangaza kwa sauti ni upotevu wa kupita, yaani nguvu inayoliwa na kifaa chenyewe. Hupimwa kwa desibeli (dB), kipimo cha kulinganisha nguvu mbili. Upotevu wa 0.5 dB huchukua karibu asilimia 11 ya nguvu, 1 dB karibu asilimia 21, na 3 dB nusu nzima. Mtambo wa wati 100 ukipita kwenye dupleksa ya 1 dB, zinazoendelea kwenda kwenye antena ni wati 79. Nyingine 21 zinageuka joto ndani ya boksi. Ni namba muhimu, lakini siyo inayowaumiza watu wengi.

Inayoumiza ni mtengano: kiasi gani cha mawimbi ya mlango mmoja kinazuiwa kisivujie mlango wa pili. Mtengano wa 30 dB una maana kwamba sehemu moja ya elfu inavuja. Wa 60 dB, sehemu moja ya milioni. Wa 80 dB, sehemu moja ya milioni mia. Namba hizi zinaonekana za kupita kiasi mpaka ukifanya hesabu ya ripita. Mtambo wa wati 25 unarusha +44 dBm (desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati moja), na pembeni yake kipokezi kinatega sikio kwa sauti dhaifu ya −116 dBm. Tofauti ni 160 dB. Sehemu ya tofauti hiyo hubebwa na filta za kipokezi chenyewe kwa sababu masafa hayafanani. Iliyobaki, kwa kawaida 70 hadi 85 dB, ni mzigo wa dupleksa. Ukiweka ya 50 dB, ripita itaisikia kelele yake yenyewe kuliko mlinzi aliye Buhongwa na redio kolu ya mkononi.

Kuna jambo moja hapa ambalo hata mafundi wazoefu hulipita haraka. Dupleksa inafanya ulinzi wa aina mbili. Upande wa kipokezi inazuia wimbi kubwa la mtambo lisikizibe kipokezi. Upande wa mtambo inazuia kelele pana ambayo kila mtambo huitoa pembeni mwa masafa yake, kelele inayoangukia palepale kipokezi kinaposikiliza. Kelele ya namna hiyo ikishafika kwenye kipokezi, hakuna filta ya kipokezi itakayoiondoa, kwa kuwa iko kwenye masafa yaleyale ya mteja wako. Ndiyo sababu karatasi nzuri hutaja mtengano kwenye masafa ya kurusha na kwenye masafa ya kupokea, kila mmoja kwa namba yake. Ukiona namba moja tu, omba ya pili.

SWR, kipimo cha nguvu inayorudishwa mlangoni badala ya kupita, haihitaji maneno mengi. SWR ya 1.2 hurudisha chini ya asilimia moja ya nguvu, 1.5 hurudisha asilimia 4, na 2 hurudisha asilimia 11. Kwenye kifaa cha kurushia, milango yote iwe chini ya 1.5 ndani ya masafa yako.

Halafu kuna omu, kipimo cha ukinzani ambao waya na vifaa vinapaswa kulingana. Runinga na dishi ni omu 75. Redio za mawasiliano na mitambo ya kurushia ni omu 50. Kuchanganya kwenye kupokea hakuleti maafa, maana SWR yake ni 1.5 tu, lakini usichanganye kwenye mtambo wa kurusha. Jihadhari pia na konekta za aina ya N: zipo za omu 50 na za omu 75, zinafungana vizuri kwa nje, ila pini ya ile ya omu 50 ni nene zaidi na hupanua tundu la ya omu 75 moja kwa moja.

Nafasi ya kwanza: dipleksa ya dishi na antena ya runinga

Nimeiweka juu kwa sababu ndiyo inayowafaa watu wengi zaidi hapa kwetu: nyumba za wageni za Nyegezi na Igoma, hosteli za wanafunzi, nyumba za ghorofa zenye wapangaji. Tangu Mwanza ilipohamia dijitali mwaka 2013, paa nyingi zina dishi na antena ya UHF kwa pamoja, na waya unaoshuka chumbani ni mmoja.

Unahitaji mbili, siyo moja. Ya juu inaunganisha, ya chini inatenganisha king'amuzi cha dishi na king'amuzi cha antena. Nzuri ina upotevu wa 1 dB hadi 2 dB, ina kasha la chuma lililoziba kotekote, na muhimu kuliko vyote, inapitisha umeme wa moja kwa moja (DC) upande wa dishi peke yake.

Sababu ni hii. King'amuzi cha dishi hupeleka volti 13 au 18 juu kwenye LNB, kipokezi kilicho mbele ya dishi, volti hizo zikiwa ndizo amri ya kuchagua mawimbi ya wima au ya mlalo, pamoja na mlio wa 22 kHz unaochagua bendi ya juu. Antena nyingi za UHF zina kiungo kilichokunjwa ambacho kwa umeme wa moja kwa moja ni shoti. Ukiunganisha kwa splita inayopitisha umeme kila mlango, volti za king'amuzi zinakutana na shoti ile. King'amuzi kizuri kitajizima na kuandika hitilafu; cha bei nafuu kinaweza kuungua sehemu yake ya umeme. Splita pia inakula 3.5 dB au zaidi kila mlango, na ukitumia mbili, juu na chini, umeshapoteza zaidi ya 7 dB kabla ya kuhesabu waya. Waya wa RG-6 wenyewe unakula karibu 20 dB kwa mita 100 kwenye 1000 MHz, na zaidi ya hapo kadiri unavyopanda. Wingu la mvua likija juu ya ziwa, huna akiba.

Sasa ushauri ambao muuzaji hatakupa: kama kutoka paani hadi kwenye runinga ni mita kumi na waya unaweza kupitishwa, nunua waya wa pili na uache dipleksa dukani. Waya wa pili hauna upotevu wa kupita, hauna mtengano wa kuhofia, na hautaharibika. Dipleksa inastahili pesa yako pale ambapo bomba la waya limeshafukiwa ukutani au safari ni ndefu.

Nafasi ya pili: dupleksa bapa ya kaviti sita

Hii ni kwa wenye ripita: kampuni za ulinzi, mashamba, shule kubwa, migodi ya upande wa Geita, wamiliki wa vyombo vya majini. Ni boksi bapa la alumini lenye skrubu nyingi, hubeba wati 50 hivi, na kwa UHF inamudu pengo la 5 MHz na kuendelea. Upotevu wake huwa kati ya 1 dB na 1.5 dB, mtengano 65 hadi 80 dB. Kwa bei, ya kutoka China huweza kupatikana kwa chini ya dola 100 za Kimarekani kabla ya usafiri na ushuru. Ya Ulaya au Marekani ni mara kadhaa ya hapo.

Inanunuliwa ikiwa imeshatyuniwa kwenye masafa yako. Hili siyo jambo la kubembelezana. Mpe muuzaji masafa ya kurusha na ya kupokea kwa maandishi, na udai grafu ya vipimo vya boksi hilohilo lenye namba hiyohiyo ya utengenezaji, siyo grafu ya mfano. Na masafa hayo yawe yale yaliyo kwenye leseni yako ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wenye ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Kununua dupleksa kabla ya kupewa masafa ni kutupa hela, kwa sababu utakayopangiwa huenda yasilingane na ulichotyuniwa.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba nyingi za aina hii ni za kuziba tundu: zinakata masafa moja tu, yale ya mtambo wako mwenyewe, na kuacha mengine yote yapite. Ukiwa peke yako juu ya paa la ghala, hiyo inatosha kabisa. Ukiwa juu ya kilima chenye minara ya redio na simu, kama vilivyo vilima vyetu vya mawe, kipokezi chako kitakuwa wazi kwa kila jirani. Hapo tafuta kaviti za kupitisha bendi, kubwa zaidi na ghali zaidi, au ongeza kaviti moja ya kupitisha bendi mbele ya kipokezi. Nyongeza hiyo moja imeokoa ripita nyingi ambazo wenyewe walikuwa tayari kuzihamisha.

Uliza pia kuhusu mipako ya metali ya ndani. Kwenye 450 MHz umeme unatembea kwenye ngozi ya metali yenye unene wa karibu mikromita 3 tu. Ngozi hiyo ikiwa ya fedha au shaba safi, upotevu unakuwa mdogo. Ikishaanza kuota kutu au ukungu, mtengano unashuka na hakuna skrubu itakayourudisha. Maji ya ziwa letu ni baridi yasiyo na chumvi, kwa hiyo hatuteseki kama watu wa Tanga na Unguja. Unyevunyevu wa alfajiri, hata hivyo, unaingia kila penye upenyo.

Nafasi ya tatu: kombaina ya FM

Mwanza ni mji wa redio. Radio Free Africa ina makao yake hapa, na vituo vidogo vimeongezeka Kanda ya Ziwa nzima. Mnara ni gharama, antena nzuri ni gharama, kwa hiyo vituo viwili au vitatu kuchangia antena moja ni akili. Kombaina ndiyo inayowezesha, na hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu kosa la hapa linavuka mipaka ya kituo chako.

Kuna aina mbili za kununua. Ya nyota inakusanya filta za kila kituo kwenye kiungo kimoja. Ni rahisi, ni nafuu, na inafaa kama vituo vimeachana kwa 1.5 hadi 2 MHz au zaidi na hamtarajii mgeni mwingine. Ya mizani hutumia filta mbili zinazofanana katikati ya vigawanyi viwili vya 3 dB. Inaweza kubana masafa yaliyokaribiana zaidi, na kituo kipya kikija unaongeza moduli bila kugusa zilizopo. Kwa vituo vya jamii vinavyoanza na viwili na kutazamia cha tatu, mimi nasema nunueni ya mizani tangu mwanzo hata kama mtakopa. Kuvunja nyota iliyokwisha kutyuniwa ili kuingiza mlango wa tatu ni kazi ya kuanza upya, na vituo vyote vinakuwa kimya wakati huo.

Hesabu ya kwanza ya lazima ni ya mchanganyiko wa masafa. Mitambo miwili ikivujiana, ndani ya vikuza nguvu vyake huzaliwa masafa mapya. Chukua kituo cha 88.5 MHz na cha 98.5 MHz. Mara mbili ya 98.5 ukitoa 88.5 unapata 108.5 MHz, na kuanzia 108 hadi 117.975 MHz ni bendi ambayo ndege huitumia kutafuta njia na kushuka uwanjani. Tuna uwanja wa ndege Ilemela, na ndege hushuka hapa usiku na kwenye mawingu. Kombaina yenye mtengano mzuri kati ya milango, 40 dB kwenda juu pamoja na filta zake, ndiyo inayozuia masafa hayo yasizaliwe. Fanya hesabu hii kwa kila jozi ya vituo kabla ya kusaini chochote, na peleka matokeo kwa mhandisi atakayeomba kibali.

Hesabu ya pili ni ya nguvu, na ndiyo inayochoma konekta. Watu hudhani mitambo miwili ya kilowati 1 ikiunganishwa inatoa kilowati 2, hivyo wananunua antena na kebo ya kilowati 2. Kwa wastani ni kweli. Lakini kuna nukta ambapo mawimbi yote mawili yanafika kileleni kwa pamoja, volti zinajumlishwa, na nguvu ya kilele inafika kilowati 4. Mitambo mitatu hufika kilowati 9. Kanuni ni idadi ya mitambo mara idadi hiyohiyo mara nguvu ya mmoja, kama nguvu zinalingana. Konekta ya kutokea, kebo na antena vyote vistahimili kilele hicho.

Joto nalo lihesabiwe. Upotevu wa 0.3 dB kwenye kilowati 1 ni wati 67 zinazobaki ndani ya chumba, kwa kila mtambo. Chumba cha mitambo kikiwa na madirisha ya wavu, weka wavu mwembamba wa kutosha kuzuia vidudu vya ziwani, vile vinavyotanda juu ya maji kwa mamilioni. Vikiingia vinaziba feni na kuganda kwenye mapezi ya kupoozea.

Nafasi ya nne: dipleksa ya VHF na UHF, omu 50

Kiboksi kidogo cha kuunganisha redio ya VHF na ya UHF kwenye antena moja ya bendi mbili, kwenye gari au paani. Pengo ni la mamia ya megahezi, kwa hiyo hata cha bei nafuu hufanya vizuri: upotevu wa 0.2 hadi 0.5 dB na mtengano wa 50 dB hivi. Chagua chenye konekta ya N upande wa UHF badala ya PL-259. Usiamini maandishi ya wati 500 au 800 kwenye kiboksi chepesi. Hesabu theluthi yake. Zaidi ya hapo hakuna la kuogopa.

Nafasi ya tano: splita hai ya AIS kwa vyombo vya majini

Wenye boti za abiria na za utalii wanaulizia hiki siku hizi. Redio ya majini hufanya kazi kati ya 156 na karibu 162 MHz, chaneli 16 ya dharura ikiwa 156.8 MHz. AIS, inayotangaza mahali chombo kilipo, iko 161.975 na 162.025 MHz, ndani ya bendi ileile. Ukilitafuta pengo hulioni. Hakuna dipleksa ndogo ya kuvitenganisha, ndiyo maana splita za AIS ni hai: zina saketi inayohisi nani anarusha na kumfungia mwingine kwa muda huo, na zinahitaji umeme.

Zinafanya kazi. Lakini chaneli 16 ni uhai. Ziwa hili lilichukua MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara, na kila familia ya ukanda huu inamjua aliyefiwa. Redio ya dharura isiwekwe nyuma ya kiboksi kinachoweza kukosa umeme. Kama chombo kina nafasi, funga antena mbili, moja juu ya nyingine, maana kuachana kwa wima hutenga mawimbi vizuri kuliko kuachana kwa mlalo. Kama nafasi ni moja tu, nunua splita inayotamka wazi kwenye karatasi kwamba umeme ukikatika redio ya VHF inabaki imeunganishwa na antena. Jaribu jambo hilo mwenyewe gatini kwa kuchomoa fyuzi, kabla ya safari ya kwanza.

Nafasi ya sita: tripleksa na kwadipleksa za simu

Za kusambaza mtandao wa simu ndani ya hoteli au hospitali, kwa bendi kama 900, 1800 na 2100 MHz. Huzinunui wewe peke yako. Kampuni za simu na TCRA lazima zihusike, na vipimo vyake, hasa vya mchanganyiko wa masafa unaozaliwa kwenye metali yenyewe, vinahitaji mashine ambayo fundi wa kawaida hana. Nimeziorodhesha ili mwenye jengo ajue kuwa zipo na asiuziwe "busta" ya mitaani badala yake.

Splita ya kawaida na konekta ya T hazina nafasi kwenye orodha hii. Splita ina kazi yake halali: kugawa antena moja kwa runinga mbili za bendi ileile. T kwenye mtambo wa kurusha isiguswe kabisa.

Kupima kabla ya kulipa

Nenda na malitimita. Kwenye dipleksa ya dishi, pima kutoka pini ya mlango wa dishi hadi pini ya mlango wa pamoja: iwe karibu omu sifuri. Kutoka mlango wa runinga hadi wa pamoja: iwe wazi. Kwenye dupleksa za kaviti, pini kuonyesha shoti na kasha ni kawaida kwa aina nyingi, tena ni jambo jema, kama nitakavyoeleza kwenye radi.

Anayenunua kwa ajili ya biashara anunue pia NanoVNA, kipimo kidogo kinachoingia mfukoni na kinachouzwa kwa bei ya redio moja ya mkononi. Kalibreti kwanza kwa wazi, shoti na lodi. Kisha funga lodi ya omu 50 kwenye kila mlango usioupima. Mlango ukiachwa mtupu, picha yote inadanganya, na hapa ndipo ugomvi mwingi wa fundi na muuzaji unapozaliwa. Upotevu na SWR utavisoma vizuri. Mtengano una mpaka: kipimo hiki kinaona hadi karibu 70 dB chini ya 300 MHz, na pungufu kwenye UHF, hivyo dupleksa ya 80 dB utaona tu inazama chini ya sakafu ya kipimo. Ikionyesha 45 dB, hata hivyo, umeshapata jibu lako.

Kifaa kikitoka Dar es Salaam kwa basi kimetembea kilomita zaidi ya elfu moja. Kagua nati za kufungia skrubu za kaviti kwa macho. Kama kuna rangi ya kuzibia nati na imepasuka, pima tena kabla ya kukipandisha mnarani. Skrubu zenyewe usizizungushe bila kipimo mkononi.

Radi na mwamba

Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zinazopigwa radi mara nyingi zaidi duniani, na juu ya maji nyingi hupiga usiku. Kwa hiyo kati ya vifaa viwili vinavyolingana bei, chukua ambacho mlango wake wa antena umeungwa na kasha kwa umeme wa moja kwa moja. Chaji inayojijenga kwenye antena inashuka ardhini badala ya kuingia redioni. Kwenye dipleksa inayopitisha volti za LNB hilo haliwezekani, basi weka kizuia radi cha gesi upande wa antena, kabla ya dipleksa, siyo baada yake.

Tatizo letu ni ardhi yenyewe. Nyumba nyingi za Mabatini, Igogo na Capri Point zimekaa juu ya matale, na fimbo moja ya shaba ikipigwa hapo inagonga mwamba kabla ya kuzama nusu mita. Mwamba mkavu haupitishi umeme. Badala ya fimbo moja, tandaza mikanda ya shaba kadhaa ikitoka kwenye mnara kama miale, ifukie kwenye udongo ulio kati ya mawe, uiunge na nondo za msingi na bomba la chuma la maji kama lipo, kisha upime ukinzani wakati wa kiangazi. Kipimo cha masika kitakupa namba nzuri ambayo Agosti haitakuwepo. Gharama ya mikanda hiyo iingize kwenye bajeti ileile ya multipleksa, na ifungwe siku ileile.